Sindano Tano za Hospitali

Miezi michache baada ya uhuru nilijikuta mkuu wa idara ya afya na usafi ya mji wetu. Sikuchaguliwa na mtu. Mzungu aliyekuwa mkuu alipanda ndege pamoja na mbwa wake, naibu wake akamfuata siku ya pili, na mimi, karani wa kupiga chapa barua na kupanga mafaili, ndiye niliyekuwa nimebaki ofisini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Baba yangu, fundi cherehani katika mtaa wa Waislamu, alinishonea suti ya kaki, akaniambia nisikalie kiti cha mzungu kabla ya kukiosha. Nilikikalia hivyo hivyo. Sabuni ilikuwa haipatikani.

Wakati ule Kongo ilikuwa na serikali mbili. Moja ilikuwa Leo, mji mkuu, na nyingine ilikuwa hapa kwetu Kisangani, na kila moja ilisema yenyewe ndiyo halali na ile nyingine ni waasi. Kujibu barua kutoka Leo lilikuwa kosa la kukupeleka gerezani. Kutoijibu pia kungeweza kuwa kosa, kama upepo ungegeuka. Kwa hiyo kila mwenye ofisi alikuwa amejifunza jambo moja tu: kutotia sahihi.

Asubuhi moja, kabla sijafungua madirisha, alikuja ofisini msaidizi wa daktari kutoka hospitali kubwa. Siku zile Mkongo hakuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari kamili. Cheo cha juu kabisa kilikuwa hicho cha msaidizi. Watu walimwita dokta hata hivyo, na tangu wazungu waondoke yeye ndiye aliyekuwa akipasua, akizalisha na kuzika. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaingia, akakaa bila kukaribishwa.

“Patron,” akaniambia, maana ndivyo walivyozoea kumwita aliyekalia kile kiti, “kuna kitu kimepotea kwa hospitali. Kitu cha kuua watu.”

Nilidhani anasema dawa. Akatikisa kichwa, akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Daktari mzungu alikuwa na sindano za radiamu, fupi kama nusu ya sindano ya kushonea, zenye tundu la uzi, zinazong'aa bila kuingia kutu. Alizitumia kutibu wanawake wenye saratani ya kizazi. Sindano hizo hutoa mionzi usiku na mchana, haionekani, haina harufu, haina joto la kusikia. Ikipimwa vizuri huchoma uvimbe. Ukiiweka sindano mfukoni inakuchoma wewe. Kwa sababu hiyo zilikaa ndani ya chungu kizito cha risasi, katika chumba kilichofungwa.

Juma lililopita askari walikuwa wamelala hospitalini siku tatu. Walivunja kila mlango wakitafuta pombe. Walipoondoka, chungu kilikuwa kimetoweka. Sindano zilikuwa nane katika daftari. Tatu alizikuta sakafuni, akazirudisha ndani ya ndoo ya mchanga. Tano hazikuwepo.

“Ulizishika kwa mikono?” nikamuuliza.

Akanionyesha vidole vyake. Ncha zilikuwa ngumu, zimepasuka kama udongo wa kiangazi, na kucha mbili hazikuwepo.

“Hizi si za juma hili,” akasema. “Daktari alikuwa anasimama kwa mulango. Mimi ndiye nilikuwa ninashika. Miaka saba.”

Alisema bila hasira, kisha akaniomba maji ya kunywa.

Nilikuwa nimezoea kudai vyoo vichimbwe na nyama ipigwe mhuri. Nikamuuliza kazi yangu ni ipi hapo. Akahesabu: askari watuambie nani alichukua chungu na waturuhusu kupita; ofisi ya jiolojia ina mashine inayosikia mionzi, waliyokuwa wakitafutia urani porini; redio iwatahadharishe watu; idara ya kazi za umma itoe saruji ya kuzizika zikipatikana. “Mimi siwezi kuacha wagonjwa,” akasema. “Wewe iko na mhuri. Wakutanishe.”

Nilianza na kambi ya askari, na hapo nikafanya kosa langu la kwanza. Katika Kiswahili chetu risasi ni ile ya bunduki, na risasi pia ni yale madini mazito ya nyavu za kuvulia. Nilimwambia askari wa zamu kwamba risasi ya hospitali imeibwa. Sikumaliza sentensi. Nilivuliwa viatu na mkanda, nikakalishwa kwenye benchi ukumbini, na kila aliyepita aliniuliza masanduku ya risasi yalikuwa mangapi na nani aliyaficha hospitalini. Jua lilipoanza kushuka kapiteni wa kambi akarudi, akaniita.

“Masasi ngapi?” akauliza.

“Si masasi, kapiteni. Ni plomb. Chungu cha plomb.”

“Siku nzima unasumbua watu wangu sababu ya chungu?”

Nikamweleza habari ya sindano. Alisikiliza akisafisha masikio kwa kijiti cha kiberiti, kisha akasema ni hujuma ya wazungu, wameziacha makusudi, na kwamba ataandika ripoti kwa mkuu wake. Nilimwomba kibali cha kutafuta mjini na ng'ambo ya mto. Akasema kibali hutolewa baada ya ripoti kujibiwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, suruali nikiishika mkononi kwa sababu mkanda wangu haukuonekana tena.

Kesho yake nikaenda jiolojia. Jengo lote lilikuwa tupu, isipokuwa chumba cha mwisho, ambamo mtunza ghala, mzee mwenye sauti ndogo kutoka upande wa Bengamisa, alikuwa akipangusa vumbi kwenye mawe ya mfano yaliyopangwa rafuni. Mashine ilikuwa kabatini, sanduku la kijivu lenye mpini na waya. Nilimwonyesha barua yangu. Aliisoma yote, akaigeuza nyuma, akairudisha.

“Mhuri huu una simba wa mfalme,” akasema. “Ni wa zamani.”

“Mhuri mpya haujafika, papa.”

“Bon. Ukifika, njoo. Mashine imeandikwa kwa jina langu. Nikiitoa kwa mhuri wa zamani, hawa wa hapa watanifunga. Nikiitoa kwa mhuri wa hapa, wale wa Leo wakirudi watanifunga. Mimi nina miaka yangu.”

Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka kama mimi, ila yeye alikuwa ameanza kuchoka zamani. Nikakaa kwenye sanduku la mawe, nikamweleza vidole vya dokta, miaka saba, mzungu mlangoni. Mzee akaacha kupangusa. Akafungua kabati, akaitoa mashine, akaiweka juu ya meza kati yetu, akasema: “Sitakupa. Lakini mimi mwenyewe ninaweza kutembea nayo. Kutembea hakuhitaji mhuri.”

Tulipoiwasha haikutoa sauti yoyote. Betri zilikuwa zimekufa.

Betri za namna ile zilikuwa kwenye kituo cha redio peke yake. Mkuu wa redio alisema atatoa mbili, kwa sharti kwamba tangazo aliandike yeye. Nilikubali bila kuuliza ataandika nini. Hilo lilikuwa kosa langu la pili.

Siku ya nne nilifaulu kuwaweka wote chumba kimoja: kapiteni, mkuu wa redio, mtu wa kazi za umma, mzee wa jiolojia na dokta, aliyekuja na aproni yenye damu. Saa ya kwanza ilikwenda kwa kubishana nani aongoze mkutano. Kapiteni alisema ni jambo la usalama, mtu wa kazi za umma akasema yeye ndiye mwenye cheo cha juu. Saa ya pili walijadili kama barua itaje radiamu au iseme tu “kitu cha hatari.” Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu, na nilipozisoma tena jioni niliona ukurasa mzima niliouandika nikiwa nasinzia, mistari imeteremka pembeni hadi mezani. Hatimaye dokta alisimama.

“Wakubwa,” akasema, “mutu mwenye sindano hizi sasa anaungua. Mimi ninarudi kazini.”

Akatoka. Kapiteni aliona haya, au labda alikuwa na njaa. Alichukua karatasi yangu, akaandika kibali kwa mkono, bila mhuri wowote.

Asubuhi iliyofuata tulianza mimi, mzee wa mashine, na dokta, aliyewaachia wauguzi wodi kwa siku ile moja. Dokta alifikiri vizuri kuliko sisi. “Nani anataka risasi mjini humu?” aliuliza, akajijibu mwenyewe: “Wavuvi.” Tulikwenda kando ya mto, penye kuuzwa nyavu. Mzee alipita na sanduku lake akijifanya anachagua samaki, waya umefichwa ndani ya koti. Mashine ililia kidogo tu, tk, tk, kama inavyolia popote. Lakini dokta aliona kwenye meza moja vipande vya risasi vipya, vyeupe bado, vya kufungia nyavu. Mwuzaji akasema amevipata kwa mvuvi mmoja, mtu wa Isangi, anayekaa ng'ambo, Lubunga.

Askari wa gatini aligeuza kibali chetu juu chini, akaturuhusu kwa sababu alikuwa na mtoto aliyetibiwa na dokta. Tulivuka kwa mtumbwi. Mzee alikumbatia mashine kama mtoto mchanga, na tulipokaribia nyumba za wavuvi ilianza kulia haraka, kisha haraka zaidi, mpaka sauti ikaungana kama mafuta ya mawese kwenye kikaango. Mzee akasimama.

“Sijawahi kuisikia hivi,” akasema. “Hata porini.”

Mvuvi alikuwa nje akishona wavu. Hakuficha kitu. Chungu alikinunua kwa askari, akakiyeyusha kwenye moto wa makaa. Alipokipindua kwanza, zilidondoka sindano ndogo nzuri. Alimpa mke wake.

Mke alikuwa ndani, amelalia ubavu wa kushoto. Alikuwa kijana, labda umri wangu. Alipotuona alishika kiuno, penye fundo la kikwembe chake.

“Ni zangu,” akasema. “Bwana yangu alinipa. Askari wakiziona wataziiba, ndiyo maana ninazifunga hapa.”

Dokta alituzuia mimi na mzee mlangoni. Yeye akaingia. Nilikumbuka maneno yake juu ya mzungu aliyesimama kwenye mlango, nikataka kuingia pia, akaninyooshea mkono: “Kaa pale. Wawili wakiungua, haisaidii kitu.”

Akachuchumaa mbali kidogo na mwanamke, akazungumza naye kwa Kilingala, taratibu. Alimwuliza kidonda kilianza lini. Mwanamke akasema si kidonda, ni uchawi. Jirani yake alimwonea wivu. Ngozi iliwasha kwanza, ikawa nyekundu, kisha ikavimba malengelenge. Dokta hakumbishia habari ya jirani. Alisema tu: “Mama, huyo mchawi ninamujua. Iko ndani ya kikwembe. Fungua fundo, acha nguo ianguke, kisha tembea kuja kwangu.”

Akafungua. Nguo ikaanguka, akaja hatua nne akilia, na mumewe akamfunika shuka. Nilikiona kidonda kabla hakijafunikwa. Kilikuwa na upana wa kiganja, cheusi katikati. Sijawahi kukiondoa machoni.

Dokta alikuwa amefunga koleo mbili za hospitali kwenye vijiti virefu. Aliokota sindano moja moja kutoka kwenye nguo, akazitia katika debe la mchanga tulilolizungushia vipande vya risasi vilivyobaki. Alihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne. Akatikisa nguo kwa koleo. Hakuna.

“Ya tano iko wapi, mama?”

“Nilimupa dada yangu. Alirudi Isangi juzi kwa meli.”

Nilikaa chini, palepale kwenye udongo. Mzee wa jiolojia alizima mashine ili betri zisiishe.

Simu ya upepo kwenda Isangi ilikuwa imekatika. Barabara ilikuwa na vizuizi vya vijana ambao hawakuijua serikali yoyote kati ya zile mbili. Ilibaki redio. Jioni ile mkuu wa redio alisoma tangazo lake mwenyewe: kwamba maadui wa uhuru wameingiza nchini sindano za sumu, na kila raia mwema apeleke sindano ofisi ya afya.

Kesho yake asubuhi nilikuta foleni hadi barabarani. Wanawake walileta sindano za kushonea, za kusukia nywele, za cherehani, za kushonea magunia, sindano za hospitali zilizovunjika. Mama mmoja alileta misumari. Baba yangu naye alikuja, akapanga foleni kama wengine, akaweka mezani kwangu sindano zake zote za kazi zimefungwa kwenye kitambaa.

“Baba, hizi si zenyewe,” nikamwambia.

“Redio imesema sindano.”

“Chukua, urudi kazini.”

“Andika kwanza kwamba nimezileta,” akasema. Nikaandika.

Siku sita niliketi nyuma ya lundo lile. Mzee alipitisha mashine juu ya kila kikapu, tk, tk, hakuna. Mke wangu aliniomba nioge nje kabla ya kuingia ndani na nguo zangu nizianike mbali na za mtoto. Nilifanya hivyo bila kubishana. Sikuweza kumwapia kwamba nguo zilikuwa safi, kwa sababu sikujua.

Siku ya saba iliingia meli kutoka Barumbu na Isangi. Mzee alikuwa akienda gatini na mashine kila meli ilipoingia, bila kutumwa na mtu. Akaona nahodha anashuka na kopo la maziwa, amelishika mbali na mwili kwa kamba. Shemeji wa yule mama, mume wa dada yake, alikuwa amesikia tangazo kwenye redio ya misheni. Hakuamini habari za maadui wa uhuru, lakini mke wake alikuwa ameanza kuwashwa bega, pale alipoichomeka sindano kwenye blauzi. Akaitia koponi, akajaza mchanga, akamwapisha nahodha kwamba atalifikisha. Mashine ililia kabla kopo halijafika ukingoni. Mzee, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akakohoa.

Saruji ilichukua mwezi mzima. Mtu wa kazi za umma alitaka barua tatu, nikamwandikia tano. Mwishowe pipa la mafuta lilijazwa zege ua wa nyuma wa hospitali, sindano zote nane katikati yake, na dokta akachora fuvu kwa rangi nyekundu, akaandika kwa lugha tatu watu wasiliguse. Nilituma ripoti kwa serikali yetu, na nakala kwa siri Leo. Hakuna aliyejibu.

Yule mama alilala hospitali zaidi ya mwaka. Dokta alikata nyama iliyokufa mara nne. Kila asubuhi alimsafisha mwenyewe, kwa vidole vile vyake. Siku moja nilipokwenda kumwona, alinitazama kwa hasira ambayo hakuwahi kumwonyesha dokta.

“Wazungu walipoondoka,” akasema, “nyinyi mulioachiwa ofisi, hamukujua kitu hiki iko?”

Nikamwambia hatukujua. Ilikuwa kweli, na haikusaidia. Akageuza uso ukutani. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani alitoka hospitali akichechemea.

Kisha uasi mkubwa ukaja, wa vijana waliovaa majani na ngozi, nao waliwatafuta watu wenye kalamu na miwani. Mimi nilifichwa na shangazi zangu kwenye nyumba yetu ya mtaani; nilivua suti, nikavaa kanzu, nikakaa kwenye cherehani. Dokta alikataa kujificha kwa sababu wodi ilikuwa imejaa, pamoja na vijana wenyewe waliojeruhiwa. Walimchukua mchana, katikati ya kazi. Wapo waliosema alipewa nafasi ya kuvua aproni yake na kuiweka juu ya kiti.

Matanga yake hayakuweza kufanyika mpaka mji ulipotulia. Hatukuwa na maiti, tulikuwa na picha tu, na watu walikuwa wachache, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na wafu wake. Mzee wa jiolojia alikuja, akakaa karibu nami. Alasiri nikamwona yule mama kutoka Lubunga anaingia uani, anavuta mguu, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa amevuka mto peke yake. Aliketi na wanawake, akalia nao, kisha akawaeleza kwa sauti ambayo wote tuliisikia jinsi dokta alivyochuchumaa nyumbani kwake na kumwambia mchawi anamjua. Wanawake wakacheka na kulia kwa pamoja.

Alipotaka kusimama mguu ulimgomea. Nilimwendea, nikampa mkono. Aliushika, akainuka kwa uzito wake wote, akaniuliza kama kuna mtu wa kumwonyesha njia ya gatini, maana vizuizi vilikuwa vimehamishwa. Nilimwambia nitampeleka. Tulitembea polepole sana, yeye akiegemea mkono wangu.